Koki Kufungwa Ni Jambo Moja, Bomba la Gesi Kuzibwa Ni Jambo Lingine

Mimi kazi yangu ni mabomba, na kuna kitu nakikuta kwenye nyumba za watu mara nyingi mno hadi nimeona nikiandike kirefu. Jiko la gesi limeshatolewa, labda mwenyewe amehamia la umeme au anafanya ukarabati au mpangaji kaondoka na jiko lake, na pale ukutani limebaki bomba limechomoza, koki yake imegeuzwa ikakaa kama msalaba yaani imefungwa, na mdomo wa bomba uko wazi kabisa. Hamna kepu, hamna plagi, yaani vile vizibo vya chuma vya kuzibia bomba, wengine wamejaza kitambaa, wengine wamefunga mkanda wa kahawia ule wa maboksi. Nikiuliza naambiwa "si imefungwa hiyo fundi". Na kweli imefungwa, leo. Ila gesi bado imesimama nyuma ya hiyo koki, na kitu pekee kinachoizuia isiingie chumbani ni kamkono kadogo ambako mtu yeyote anaweza kukageuza robo mzunguko bila hata kutumia nguvu.

Nataka nianze na koki yenyewe manake watu wanaiamini kupita kiasi. Zile nyingi za siku hizi ndani yake zina tufe la shaba njano lililotobolewa katikati, ukiweka mkono sambamba na bomba tundu linaelekeana na njia na gesi inapita, ukiuweka mkono kukatisha bomba tundu linageukia pembeni na njia inakuwa imezibwa. Tufe hilo linakaa kati ya pete mbili laini za teflon. Zile za zamani hazina tufe, zina kipande cha chuma chenye umbo la koni kinachozunguka ndani ya mwili wa koki, na kinachozuia gesi isipenye pale ni grisi tu. Grisi inakauka. Pete nazo zinakwaruzwa na vumbi na vipande vya kutu vinavyosafiri ndani ya bomba, na koki ambayo haijaguswa miaka mingi ukija kuigeuza ghafla ndo unaiharibu pale pale. Kwa hiyo unaweza kuwa na koki ambayo mkono wake unasema imefungwa na bado inapitisha kidogo kidogo usiku kucha.

Halafu kuna hili la mkono. Jiko likiwepo, koki iko nyuma yake, imejificha, haiguswi. Jiko likitoka, koki iko wazi mbele ya kila mtu. Mtoto anayetambaa anaiona, anayefagia anaigonga na mti wa fagio, wanaosukuma friji kuipeleka pale penye nafasi mpya wanaikwangua, na fundi rangi aliyekuja kutafuta maji anajaribu kila koki anayoiona. Hapa siongelei uzembe wa mtu, naongelea chumba ambacho watu wanaishi. Ndo maana kanuni za gesi za nchi nyingi zinataka kila mdomo wa bomba ambao hauna kifaa uzibwe kwa kitu kisichopitisha gesi, hata kama kuna koki na hata kama koki imefungwa.

Sasa tupige hesabu kidogo, manake hesabu ndo iliyonifanya mimi mwenyewe niwe mkali kwenye hili. Gesi asilia inayokuja kwa bomba la mtaa kwa sehemu kubwa ni metani, na metani ikichanganyika na hewa inaweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hivi. Chukua chumba kidogo cha jikoni cha mita 3 kwa 3, dari mita 2 na nusu, hapo una mita za ujazo 22 na nusu. Asilimia 5 yake ni kama mita za ujazo 1.1 tu. Mita ya gesi ya kawaida ya nyumbani, ile ya saizi ya G4, imetengenezwa kupitisha hadi mita za ujazo 6 kwa saa, na bomba la nusu inchi likiwa wazi kabisa linaweza kuifikisha hapo. Gawanya mwenyewe, ni dakika 11 hivi kama madirisha yamefungwa na gesi imesambaa sawasawa. Na haisambai sawasawa, metani ni nyepesi kuliko hewa inapanda darini kwanza, kwa hiyo kule juu ilipo taa panafika kiwango kibaya mapema kuliko hizo dakika.

Gesi ya mtungi ni mbaya kwa namna nyingine. Hii ni propani na butani, nzito kuliko hewa mara moja na nusu hadi mara mbili, inashuka chini na kutambaa sakafuni kama maji, inaingia kwenye mifereji, kwenye vyumba vya chini ya ardhi, chini ya makabati, na dirisha la juu halikusaidii sana. Na yenyewe inaanza kuweza kulipuka ikifika kama asilimia 2 tu. Kwa chumba kile kile nilichokitaja, ni kama kilo moja ya gesi, na mtungi wa jikoni una kilo kadhaa.

Mtu ataniambia lakini si utasikia harufu. Ni kweli harufu ipo na imeokoa watu wengi sana. Gesi yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia ni kemikali za salfa zinazoongezwa kwa makusudi, na sababu kubwa iliyofanya jambo hilo kuwa sheria ni shule ya New London, Texas, ambapo tarehe 18 Machi 1937 gesi isiyo na harufu ilijikusanya chini ya jengo bila mtu kujua, ikalipuka, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao watoto. Kanuni ya Marekani sasa inataka gesi ya mtaani isikike puani ikiwa imefika moja ya tano tu ya kiwango cha kulipuka. Ila pua inachoka, ukikaa ndani ya harufu muda mrefu unaacha kuisikia, mwenye mafua hasikii, aliyelala mara nyingi haamki kwa harufu, na mabomba mapya ya chuma yanaweza kuinyonya hiyo kemikali siku za mwanzo. Kwa hiyo harufu ichukuliwe kama msaada wa mwisho baada ya kila kitu kingine kushindwa, usiifanye ndo mpango wako.

Kabla sijaenda kwenye kazi yenyewe, nani aifanye? Kuna nchi ambako sheria haikuachii uamuzi, Uingereza kwa mfano anayefanya kazi ya gesi kwa malipo kwenye nyumba za watu lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe, na kwingine ni suala la leseni ya mji au jimbo. Ulizia kwenu kabla ya kushika spana. Na msimamo wangu ni huu, kama bomba liko imara, koki nzuri iko pale, na unachotakiwa ni kufunga plagi kwenye mdomo wa koki, hiyo kazi ni ndogo kwa anayeielewa, ila kama inabidi kukata bomba, kulehemu, kugusa bomba la plastiki linalotoka ardhini au lile bomba jembamba lenye mikunjo lililovikwa plastiki ya njano, muite fundi mwenye kibali, usijaribu. Haya ninayoeleza chini yatakusaidia pia kujua kama fundi uliyemuita anafanya vizuri, na hilo nalo ni muhimu sana, manake kazi hii ikifanywa vibaya haionekani kwa macho.

Kitu cha kwanza ni kufunga gesi kutoka kwenye chanzo, yaani koki kubwa iliyo kwenye mita, au kama ni mtungi, koki ya mtungi na kutoa regyuleta kabisa. Ile koki ya jikoni peke yake haitoshi, hiyo ndo unayoenda kufungulia kitu mbele yake. Ukishafunga chanzo, washa plati moja ya jiko lolote lililobaki ndani ya nyumba uiache iwake mpaka izime yenyewe, hapo gesi iliyosalia kwenye mabomba imeungua badala ya kumwagika chumbani. Kisha zungukia nyumba nzima uangalie vifaa vyenye pailoti, kile kimwali kidogo kinachokaa kinawaka muda wote, hasa hita ya maji ya zamani, manake vyote vitakuwa vimezimika na wewe ndo utakayeviwasha tena baadaye. Fungua madirisha na milango. Usiwashe wala usizime swichi eneo lile ukiwa unafungua bomba, swichi inatoa cheche pande zote mbili.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengi wanaliruka. Bomba la chuma la gesi linaweza kuwa limebeba umeme kidogo wa hitilafu kutoka kwenye vifaa vya nyumba bila mtu kujua, kwa sababu limegusana na mfumo wa ethi, zile waya za umeme zinazoshuka ardhini. Ukilikata au ukitenganisha vipande viwili, pale vinapoachana panaweza kuruka cheche, na hapo ndo gesi iliyobaki ilipo. Fundi makini anafunga waya mnene wenye vibanio pande zote mbili za mahali anapotenganisha kabla hajafungua, halafu anautoa akimaliza kuunganisha. Nikimuona fundi mgeni anautoa huo waya kwenye begi lake, kwangu tayari ameshafaulu nusu ya mtihani.

Spana ziwe mbili. Moja inashika bomba au mwili wa koki usizunguke, ya pili ndo inayofungua. Ukitumia moja tu, nguvu yote inaenda nyuma ya ukuta, unalegeza kiungo ambacho huwezi kukiona wala kukifikia, unaziba mdomo wa mbele vizuri kabisa na kumbe umefungua uvujaji ndani ya ukuta.

Sasa thredi, ile mistari ya kuzungushia iliyochongwa kwenye bomba, na hapa naomba uvumilivu maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kepu ni ile inayovaa bomba kwa nje, plagi ni ile inayoingia ndani ya fitingi, yaani kiungo cha bomba, na zote ziwe za chuma au shaba njano zilizotengenezwa kwa gesi. Dunia ina mifumo miwili mikubwa ya thredi za mabomba, wa Marekani unaoitwa NPT na wa Uingereza unaoitwa BSP, na kwa saizi ya nusu inchi na robo tatu yote miwili ina thredi 14 kwa inchi. Ndo maana ni rahisi kudanganyika. Unachukua plagi ya mfumo mmoja unaiingiza kwenye koki ya mfumo mwingine, inaingia mizunguko kadhaa vizuri kabisa, inakaza, unasikia mkononi kwamba imeshika, na kumbe pembe za thredi hazilingani, moja nyuzi 60 nyingine nyuzi 55, na unene nao umepishana kidogo, kwa hiyo panabaki kanjia kembamba kanachozunguka na thredi mpaka nje. Tepu inaweza kukaficha leo na kesho kutwa tepu inalegea. Kama hujui ulichonacho ni mfumo gani, nenda na kile kipande dukani ulinganishe, au muulize anayejua, usikaze kwa nguvu ukitegemea nguvu itatatua.

Thredi za bomba zilizochongwa kwa mteremko zinabana kadiri unavyoingiza. Zisafishe kwanza kwa brashi ya waya, toa tepu yote ya zamani na mabaki ya rangi. Tumia tepu ya gesi, ni nene kuliko ile nyepesi nyeupe ya maji, au dawa ya kupaka iliyoandikwa kabisa kwamba inafaa kwa gesi unayotumia. Zungusha tepu kufuata mwelekeo wa kukaza, acha thredi ya kwanza wazi ili vipande visiingie ndani ya bomba na kwenda kuziba regyuleta au tundu la plati. Kaza kwa mkono mpaka igome, halafu spana mzunguko mmoja na nusu hivi au miwili. Na ukishakaza usirudishe nyuma hata kidogo. Ukirudisha umeshavunja muhuri, toa yote, safisha, anza upya.

Bomba la kopa, yaani shaba nyekundu, lenye mdomo uliopanuliwa ni habari nyingine kabisa, pale kinachozuia gesi ni chuma kukaa juu ya chuma kwenye uso wa mteremko, thredi kazi yake ni kuvuta tu, kwa hiyo tepu haiendi pale, ukiiweka unazuia nati isivute vizuri. Kuna plagi yake ya shaba njano yenye uso wa mteremko huo huo inayokaa kwenye nati ile ile. Kama uso wa kopa umepasuka au umekunjika, inabidi mdomo ukatwe upanuliwe upya.

Fitingi ndogo zinaweza kuleta mambo makubwa. Mwaka 1968, tarehe 16 Mei, jengo la ghorofa la Ronan Point huko London liliporomoka kona nzima kuanzia juu mpaka chini baada ya gesi kulipuka kwenye nyumba moja ya ghorofa ya 18, mkazi wa nyumba hiyo alikuwa amewasha kiberiti asubuhi. Watu 4 walikufa. Jengo lenyewe lilikuwa na udhaifu wake wa ujenzi na hilo ndo lililoandikwa zaidi, ila chanzo cha gesi kilikuwa nati ya shaba njano iliyounganisha mpira wa jiko na bomba, nati isiyofikia kiwango, ikavunjika. Ndo maana mimi sikubali plagi iliyookotwa kwenye ndoo ya vyuma vya zamani hata kama thredi zake zinaonekana nzima.

Na kuna vitu havizibi gesi kabisa, naviandika kwa sababu vyote nimevikuta. Vile vikofia vya plastiki vya rangi vinavyokuja kwenye bomba au fitingi mpya ni vya kukinga thredi na vumbi wakati wa kusafirisha, basi. Plagi za plastiki za maji, hapana. Kizibo cha mpira au cha mti, hapana. Kukunja mpira wa gesi na kuufunga waya, hapana, mpira wenyewe unazeeka na kupasuka, kifaa kikitoka na mpira utoke. Kuminya bomba la kopa kwa koleo mpaka liwe bapa, hapana, linapasuka kwenye kona za mkunjo. Na mtungi ambao hautumiki usiuache na regyuleta juu halafu useme umeufunga, toa regyuleta, rudisha kizibo chake kwenye mdomo, ukikumbuka kwamba baadhi ya mitungi thredi zake zinakaza kwa kuzungusha kushoto.

Ukishakaza, bado hujamaliza. Fungua gesi taratibu kwenye chanzo, na kama kuna koki nyuma ya plagi yako uifungue pia kwa muda wa kupima, ili presha iifikie plagi yenyewe, manake ukipima ukiwa umefunga koki unapima koki tu, plagi hujaigusa. Paka maji ya sabuni mazito kwa brashi kuzunguka kiungo chote na viungo vya jirani ambavyo spana ilivitikisa, usisahau shingo ya koki pale mkono unapoingilia. Kisha subiri na uangalie kwa tochi. Uvujaji mkubwa unatoa povu papo hapo, ule mdogo unatoa vipovu kama vichwa vya pini vinavyokua polepole, na watu wengi hawasubiri vya kutosha kuviona. Tumia sabuni isiyo na amonia kwa sababu amonia inapasua shaba njano kadiri muda unavyokwenda, na ukimaliza suuza ukaushe. Kiberiti hakiletwi karibu na kazi hii, hata mtu aseme babu yake alipima hivyo maisha yake yote.

Kama una mita, kuna kipimo cha pili ambacho mimi nakipenda sana maana kinaona nyumba nzima pamoja na viungo vilivyofichwa ukutani. Zima kila kifaa, pamoja na pailoti, andika namba za mita mpaka ile ya mwisho kabisa, subiri nusu saa bila mtu kutumia gesi, soma tena. Ikisogea hata kidogo kuna mahali panavuja, funga chanzo utafute. Fundi atafanya kwa manometa, kipimo cha bomba la U lenye maji, gesi ya nyumbani mara nyingi inakaa kwenye milibari 20 hivi, hiyo ni presha inayoinua maji kama sentimita 20, na kushuka kidogo sana kunaonekana wazi. Akipima haraka haraka mwambie asubiri kwanza joto la bomba litulie, bomba lililopigwa na jua linadanganya kipimo.

Povu likitokea funga, legeza yote, anza upya na tepu mpya. Kukaza zaidi kiungo ambacho tayari kinavuja ndo watu wanapopasua koki.

Suala la mwisho ni wapi pa kuziba. Kama jiko linarudi baada ya ukarabati, plagi kwenye mdomo wa koki inatosha, koki imefungwa na plagi mbele yake. Ila kama gesi haitatumika tena chumba kile, mimi nashauri urudi nyuma mpaka kwenye tii, kile kiungo chenye umbo la herufi T, ambako tawi hilo linaanzia, uzibe pale, sehemu inayofikika. Ukiziba mwishoni tu unaacha tawi zima limejaa gesi ndani ya ukuta bila kazi yoyote, na miaka ikipita mtu atakuja na drili kutundika kabati. Plagi isizikwe ndani ya plasta wala nyuma ya vigae. Funga kilebo cha chuma au plastiki ngumu kinachosema bomba hili lina gesi na limezibwa lini, na anayepokea nyumba umuoneshe kwa mkono, mpangaji au mnunuzi, umpe na jina la fundi aliyefanya.

Na siku plagi ikitolewa ili jiko lirudi, kazi ni ile ile kutoka mwanzo, chanzo kifungwe kwanza kwa sababu ile koki ya jikoni imekaa miaka bila kuguswa, hakuna ajuaye pete zake zikoje, tepu ya zamani itolewe yote, mpira wa gesi uwe mpya, na maji ya sabuni yapakwe tena kila kiungo kabla ya plati ya kwanza kuwashwa.